Mchunga Ulioota Jaani

Shimo lenyewe liko pembezoni mwa mji wa Unguja, upande ambao mitaa mipya imekwisha kuifikia minazi. Zamani watu walichimba hapo mawe ya kujengea na kokoto. Mawe yalipokwisha likabaki shimo, na shimo lililo karibu na mji halikai tupu. Gari za taka zikaanza kuja, kwanza usiku, baadaye mchana kweupe, na kwa miaka kadhaa likawa jaa la mitaa mitatu. Kisha likafungwa: vikamwagwa vifusi na udongo mwekundu kidogo juu, basi. Hakuna aliyepanda kitu. Masika mbili tatu zikapita, jaa likawa kijani.

Mimi ni bwana shamba, na nilifika hapo kwa sababu ya barua. Kikundi cha kina mama wa shehia hiyo kilimwomba sheha kipewe eneo hilo walime mboga: mchicha, bamia, tungule, yaani nyanya. Sheha, mtu makini, hakutaka kutia saini kabla sijaenda kuangalia. Ndani ya barua ile mlikuwa na sentensi moja ambayo ndiyo imenifanya nikiandike kisa hiki chote: "Ardhi imeshapona, kwani majani yanaota yenyewe bila ya mbolea."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila ninapoisikia roho hunishituka. Jani kuota juu ya jaa kunathibitisha jambo moja tu: kwamba jani hilo linavumilia kilichomo. Hakutuambii kilichomo ni nini, wala jani limebeba nini ndani yake. Lakini wapo na wenye kosa la upande wa pili, wanaoliona jani hilo hilo kuwa ni gugu, wakaja na mapanga na kiberiti. Kwa shimo hili makosa yote mawili yangewaumiza watu.

Tuliingia asubuhi kiasi cha saa mbili, umande ungalipo: mimi, mwenyekiti wa kikundi, bi mkubwa mmoja anayeijua kila mboga ya pori ya pale, na kijana aliyetumwa na sheha, amebeba jembe na mtaimbo.

Ukingoni mwa shimo mimea ilikuwa ya jikoni. Mitungule myembamba yenye tungule ndogo, mipapai mitatu, maboga yaliyotambaa juu ya vifusi, mpera. Hiyo haikuletwa na upepo. Ilikuja ndani ya taka, kwenye maganda na mbegu zilizotupwa. Mwenye kutaka kujua jaa lilikuwa la majumbani au la karakana aanze kwa kuitafuta mitungule. Nilipata faraja kidogo, maana ilionyesha kuwa sehemu kubwa ya taka za hapo ni mabaki ya chakula. Mabaki yakioza hutoa naitrojeni tele, ndiyo maana mchicha wa jaani huwa na majani kama visahani. Kina mama walikuwa wakiuona mchicha huo kila wakipita, wakiulinganisha na ule wa matuta yao wanaoubembeleza kwa samadi ya kununua. Siwalaumu hata kidogo.

Tulipoteremka katikati, mambo yakabadilika. Ukoka, ndago, tikini, mchicha mwiba, minyonyo mirefu kuliko mtu, na pembeni vichaka vya mlusina. Na mchunga, ile mboga chungu ya pori, kila mahali mchunga, na vijiua vyake vya manjano.

Niling'oa mchicha mwiba mmoja uliokuwa umenawiri kuliko wenzake. Haukutaka kutoka. Kijana akaupiga mtaimbo pembeni, ukaja na donge zima la udongo mweusi, na ndani ya donge mizizi ilikuwa imeizunguka betri ya tochi kama vidole vilivyoshika yai. Gamba la zinki lilikuwa limelika karibu lote, ule unga mweusi wa ndani umechanganyika na udongo, na katikati imebaki ile kalamu ya kaboni ambayo utotoni tulikuwa tukiandikia ukutani. Juu ya betri hiyo jani lilikuwa zuri, laini, la kuchumwa. Nikampa mwenyekiti alishike. Alilishika muda mrefu, halafu akaniuliza kama la pembeni yake nalo lina betri chini. Nikamwambia ndiyo maana tumekuja na jembe.

Zinki yenyewe mmea unaihitaji, na mtu pia, kwa kiasi. Kilichonitia wasiwasi ni vinavyofuatana nayo. Betri nyingi za zamani zilikuwa na kadimiamu kidogo na zebaki kidogo. Kadimiamu ni madini yenye hila: inafanana na zinki kiasi kwamba mmea huipokea na kuipandisha juu mpaka kwenye jani, na mchicha ni miongoni mwa mboga zinazoipandisha kwa wepesi. Ikiingia mwilini hukaa kwenye figo miaka mingi. Madini ya risasi yana tabia nyingine. Sehemu kubwa hukwama kwenye mizizi, haipandi sana. Ukilielewa jambo hili moja, yaani madini gani hukaa mzizini na yapi hufika jani, umekwisha elewa nusu ya kazi ya kuponya jaa.

Mbele kidogo tulikuta mabaka mawili ya ardhi tupu, kila moja kama upana wa chumba. Kwa mbali yalikuwa sawa. Kijana akasema hapo ndipo palipo na sumu, kwengine pote pako salama. Kwa macho tu ningekubaliana naye.

Kwenye baka la kwanza tukachomeka mtaimbo. Ulipotoka, shimo lake likatoa harufu ya mayai viza, na ncha ya chuma ilikuwa na uvuguvugu. Udongo ulikuwa wa kijivu na mweusi. Ukoka wa ukingoni ulikuwa ukitambaa kuingia, lakini mizizi yake imekaa juu juu, na iliyojaribu kushuka imekufa kuanzia nchani. Hapo hapakuwa na madini ya kutisha. Chakula kilichozikwa bila hewa kinaendelea kuoza, kinatoa methani na kaboni dayoksaidi, na gesi hizo huifukuza oksijeni, mizizi ikakosa pumzi. Ugonjwa wake ni kukosa hewa, na hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Nilimwomba kijana asiwashe sigara hapo, maana methani hushika moto.

Baka la pili lilikuwa karibu na njia waliyokuwa wakiingilia magari. Halikuwa na harufu wala joto. Tulikuta vipande vya plastiki nyeusi ngumu, na chembechembe za kijivu zilizo nzito mkononi kuliko udongo. Bi mkubwa ndiye aliyekumbuka: "Hapa vijana walikuwa wakipasua betri za gari, wakayeyusha risasi kwenye sufuria, wakatengeneza machubwi ya kuuzia wavuvi." Tindikali ilimwagwa chini, risasi ikasambaa, na moshi ukaangukia majani ya pande zote. Tindikali hiyo imeshakwisha nguvu, kwa sababu jiwe letu ni chokaa na chokaa huiua tindikali. Risasi haina pa kwenda. Itakuwepo hapo wajukuu wetu wakiwa wazee.

Mabaka mawili, upara mmoja, maradhi mbalimbali. La kwanza lilihitaji subira na udongo wa juu. La pili lilihitaji kufunikwa na lisiguswe tena.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya mchunga. Kwetu hapa mchunga si mboga tu. Hupikwa kwa nazi, huliwa na wenye sukari, hutafunwa mbichi na wenye tumbo. Bi mkubwa yule alikuwa akiuchuma hapo kila wiki na kuwagawia majirani. Nilipomwambia auache alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, mchunga wa jaani ni mchungu kuliko wa shamba, na uchungu ndio dawa yenyewe. Sumu gani itakaa humo?"

Sikutaka kumbishia mzee kwa maneno ya vitabuni. Nilimwomba anichumie majani kiasi cha pishi moja, nikayasuuza ndani ya bakuli jeupe la maji safi. Maji yakabadilika rangi, na chini ukabaki udongo laini. Nikamwambia: bibi, tusiiseme hata sumu iliyomo ndani ya jani, tuuseme udongo huu tu. Viwango vya chakula vya kimataifa vya Codex vinaruhusu miligramu 0.3 za risasi katika kilo moja ya mboga za majani. Sasa tuchukue udongo wenye miligramu 300 za risasi kwa kilo, na palipopasuliwa betri udongo unaweza kuzidi hapo mara nyingi. Gramu moja tu ya udongo huo, ambayo haijazi hata nusu ya kijiko cha chai, ikiganda kwenye kilo ya mchunga, imekwisha fikisha miligramu 0.3 hizo. Na jani la mchunga hukaa chini chini, mvua ikipiga linarushiwa matope.

Akaniuliza kama kuosha kunatosha. Kuosha kunaondoa cha juu na kunasaidia sana, lakini kilichomo ndani hakiondoki. Kuchemsha hakukiui pia, kwa sababu madini si kijidudu. Moto haumalizi risasi. Wala uchungu hauizuii. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo, pole pole, bila ya homa wala upele wa kumshitua mama. Hapo bi mkubwa alinyamaza. Kati ya wale aliokuwa akiwagawia, wawili walikuwa wajawazito.

Tungali tumekaa, akaingia kijana na baskeli na mundu. Alikuwa mkata majani ya ng'ombe. Kila anayeishi Unguja anawajua vijana hawa, mzigo wa majani nyuma ya baskeli mpaka dereva haonekani. Ukoka wa jaani aliupenda kwa sababu ni mwororo hata wakati wa kiangazi, na alikuwa akiukata karibu na shina kabisa, udongo juu yake. Mimi, nakiri, mboga ndizo zilizokuwa kichwani mwangu. Ng'ombe sikumfikiria mpaka nilipomwona yeye. Na ng'ombe ni mnyama dhaifu sana mbele ya risasi. Tena huipenda: akiona kipande cha betri hukiramba. Waganga wa mifugo wanaijua picha hiyo, ng'ombe aliyepofuka ghafla, anasaga meno, anasukuma ukuta kwa kichwa. Kabla ya kufikia hapo, risasi hujiweka kwenye mifupa, na sehemu yake hupita kwenye maziwa. Tulimweleza. Aliuliza swali la haki: nikate wapi basi? Sheha alimwonyesha baadaye eneo la kiwanja cha mpira na kingo za barabara ya ndani isiyo na magari mengi. Ni mbali zaidi kwake, na majani ni machache. Aliacha kuja, lakini nilijua tumemwongezea kazi.

Mwenyekiti, aliyesoma mpaka kidato cha nne na anayefuatilia mambo, alikuwa na pendekezo lake. Amesikia kuwa ipo mimea inayonyonya sumu. Kwa nini tusiipande, inyonye, tuivune tuitupe mbali, na baada ya miaka mitatu tulime?

Mimea hiyo ipo kweli. Iko inayojaza nikeli au zinki katika majani yake kwa wingi wa ajabu, na iko aina ya kangaga iliyoonekana Marekani ikinyonya sumu ya aseniki. Kwa risasi hesabu inakataa, na tuliipiga pale pale kwenye daftari lake. Hekta moja ya udongo, kwa kina cha sentimita 20, ina uzito wa tani 2,600 hivi. Ikiwa na miligramu 300 za risasi kwa kilo, humo mna kilo 780 za risasi. Tuseme tumepata mmea mkarimu, unatoa tani 10 za majani makavu kwa mwaka, na kila kilo ya majani imebeba miligramu 50. Tutakuwa tumetoa nusu kilo kwa mwaka. Itachukua zaidi ya miaka 1,500. Na majani hayo tutayapeleka wapi? Kwenye shimo la mtu mwengine.

Kwa hiyo lengo halikuwa kuitoa risasi. Lengo lilikuwa kuifungia ilipo, isipeperuke, isifuate maji, isiingie kinywani. Na kwa kazi hiyo mimea tuliyoitaka ilikuwa imekwisha kuja yenyewe. Ukoka unashika vumbi kwa mizizi ya juu. Mnyonyo unavumilia madini, unayaweka zaidi mizizini, mbuzi hawaugusi, na mbegu zake hakuna mwenye akili atakayezila. Tikini inafunika kivuli chote kisichopata jua. Yote hii inakunywa mvua kabla haijafika kwenye taka. Unguja hupata takribani milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, yaani lita 1,600 juu ya kila mita moja ya mraba, na jiwe letu la matumbawe lina matundu na nyufa. Maji yanapita bila ya kuchujwa. Chokaa yake inazibana risasi na zinki zisiyeyuke kirahisi, hiyo ni neema, lakini maji yanayochuruzika kwenye taka zinazooza yana asidi zake na chumvi zake, na yanaweza kuyachukua madini kwa njia nyingine. Maji tunayokunywa kisiwani yanatoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Ukiyafyeka majani, unaifungulia mvua mlango. Ukiyachoma, unayageuza yale yaliyokamatwa kuwa jivu na moshi.

Wako waliopendekeza tuagize mimea maalumu kutoka nje. Niliwakumbusha kunguru. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 waje kusafisha taka. Leo wanakula mayai na vifaranga vya ndege wetu, na bado wanakula jaani. Hata mlusina, ambao ni mti mgeni, nilisema ubaki huo uliopo lakini usipandwe mwengine, maana hauna adabu ya kukaa ulipowekwa.

Mti mmoja ndio niliouongeza, mvinje. Nilikuwa na mfano wa karibu: machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, ambako kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu aina 26 za miti juu ya mwamba mtupu. Zilizosimama zilikuwa chache, na mvinje ulikuwa mmojawapo, kwa sababu una bakteria mizizini wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani. Majani yake yalipoanguka hayakuoza mpaka walipoletwa majongoo wayatafune, ndipo udongo ukaanza. Bamburi hapakuwa na taka wala betri, kwa hiyo sikuahidi msitu. Nilichotaka ni mti unaoota juu ya jiwe na kunywa maji mengi. Nguzo zake zinaweza kuuzwa za kujengea. Kuni hapana, kwa ajili ya jivu.

Baka la betri lilifunikwa kwa kinongo safi, ule udongo wetu mwekundu, unene wa nusu mita, likapandwa ukoka juu. Niliifikiria mbolea ya fosfeti, kwa sababu fosfeti huibana risasi ikawa kama jiwe, lakini fosfeti ya mawe kama ile ya Minjingu huyeyuka kwa shida kwenye udongo wa chokaa, na ile inayoyeyuka haraka ningeiogopea kisima. Tukabaki na kinongo. Kuzunguka shimo tulichomeka vijiti vya mbono kaburi, ua ambao mbuzi hauli na mwizi hauibi.

Kina mama walipata kipande cha kulima mboga nyuma ya skuli, kidogo kuliko walichotaka. Mwenyekiti hakuridhika, na alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyekuja na fikra ya asumini. Ukingo wa shimo, upande wa mitungule, uliletewa kinongo kipya, wakapanda asumini na mikilua. Maua yanauzwa kwa vikuba na harusi haziishi. Asumini halipikwi. Wanavaa glavu wakipalilia, wanaacha kandambili za shambani pale pale, na hawaendi na watoto wadogo. Kipimo cha maabara cha udongo na cha majani bado ni lazima siku yoyote atakapotokea mtu wa kusema sasa pameshafaa kulimwa chakula. Kwa kukataza tusile hatukuhitaji kukisubiri.

Bi mkubwa alinishangaza. Alikwenda jaani mara ya mwisho na kitambaa, akakusanya mbegu za mchunga, zile zenye manyoya meupe, akazimwaga uani kwake kwenye udongo safi. Alinituma mtu aniulize kama mbegu nazo zina sumu. Madini yanayofika kwenye mbegu ni kidogo mno, na mbegu ikishaota hula udongo ilipo, si ulipotoka mama yake. Sasa anagawa mchunga wa uani. Anasema si mchungu kama ule.

Kinachonikosesha usingizi ni kisima kilicho mteremkoni, hatua mia mbili hivi kutoka shimoni. Tumewaomba watu wasinywe maji yake wala wasipikie, na sheha amebandika karatasi. Lakini mtaa ule maji ya mfereji huja siku moja, siku ya pili hayaji. Siku ya pili kamba ya kisima huwa imelowa.